Kabla Hujachukua Fomu: Barua kwa Mjukuu Wangu Daktari

Biharamulo,
15 Juni 2025

Mjukuu wangu mpendwa,

Hatujambo wote, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanatabiri mvua kuliko redio. Bibi yako anakusalimu, ila amenuna. Amesikia kwa baba yako kwamba mchumba wangu anataka kuvua koti jeupe aende Dodoma. Mimi sikununa. Niliomba miwani na karatasi, maana jambo hili simu haiwezi kulibeba. Ukiniahidi kunipigia jioni, jioni yenyewe wodi ya wazazi huko Ngara inakuita, au mtandao unakata katikati ya sentensi. Barua itakusubiri mpaka utoke zamu.

Baba yako ananiambia una sababu mbili za kutaka ubunge. Ya kwanza, umechoka kutibu leo ugonjwa uleule uliotibu mwezi jana, kwa mtu yuleyule, kutoka kijiji kilekile. Ya pili, kuna wazee waliokwambia kwamba daktari anapendwa, kwa hiyo kura zako ziko mfukoni tayari. Sababu ya kwanza naiheshimu. Ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako.

Mimi sikuwa daktari. Nilikuwa mganga msaidizi wa vijijini, mtu wa zahanati ya vyumba viwili, lakini watu waliniita daktari hivyohivyo na sikuwahi kumsahihisha mtu. Naijua nguvu ya jina hilo. Ukiitwa daktari, unapewa kiti msibani kabla hujasema pole. Ukikohoa kwenye mkutano wa kijiji, watu wananyamaza. Heshima ya namna hiyo ni tamu, mjukuu wangu, na hatari yake ni kwamba unaipata kabla hujatoa hoja yoyote. Zahanati haina upinzani. Mgonjwa akilala kitandani, wewe umesimama. Bungeni na kwenye mikutano ya hadhara wote mmesimama.

Kwa hiyo nataka nikueleze habari za daktari mmoja wa mkoa wetu. Nilipokuwa kijana kazini, wakubwa zetu walilitaja jina lake mara kwa mara, lakini ninyi vijana hamfundishwi sana. Ni Dk. Vedasto Kyaruzi wa Bukoba.

Mnajua kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 na kwamba Nyerere ndiye aliyekuwa rais wake. Kabla ya TANU kulikuwa na TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na mwaka 1950 aliyeshika urais wa TAA alikuwa daktari huyu, katibu wake akiwa Abdulwahid Sykes. Ofisi ilikuwa Dar es Salaam, New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Kyaruzi hakuwa peke yake. Palikuwa na kikundi kidogo cha madaktari waliosomea Makerere: Joseph Mutahangarwa, Wilbard Mwanjisi, Luciano Tsere, Michael Lugazia. Fikiria nchi nzima ilikuwa na wasomi wangapi wa namna hiyo, utaelewa kwa nini watu waliwatazama wao.

Na walikuwa na donge lao pia. Daktari Mwafrika aliyetoka Makerere, kwenye karatasi za serikali ya kikoloni, hakuandikwa daktari kamili. Aliwekwa daraja la msaidizi, na mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa daktari Mzungu ingawa wagonjwa walikuwa walewale. Baraza la Madaktari la Uingereza lilikuja kuutambua rasmi udaktari wa Makerere mwaka 1957. Wangeweza kuishia hapo, wakadai mishahara, wakaridhika. Wewe mwenyewe unajua vikao vya wafanyakazi vinavyoweza kumaliza nguvu zote kwenye posho. Wao walitoka kwenye donge lao wakaenda kwenye donge la nchi.

Hapa nataka utulie kidogo. Gavana Edward Twining alikuwa ameunda kamati ya kutazama mabadiliko ya katiba. TAA nao wakaunda kamati yao ya siasa. Ndani yake walikuwamo Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni. John Rupia, mfanyabiashara. Abdulwahid Sykes, Hamza Mwapachu, Stephen Mhando na wengine, pamoja na daktari wetu. Kazi waliyoifanya ilikuwa kuandika. Walikaa wakaweka kwenye karatasi kile ambacho Waafrika walitaka katika katiba ya nchi yao, wakampelekea gavana. Serikali ikaendelea na mpango wake wa kugawa viti sawa kwa Wazungu, Waasia na Waafrika, wakati Waafrika walikuwa zaidi ya watu 98 katika kila 100. Ule waraka hata hivyo ulikuwa umekwisha kuandikwa, na waliokuja nyuma yao hawakuanza na karatasi tupu.

Kisha likaja suala la Meru. Mnamo Novemba 1951 wananchi walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. TAA makao makuu ililibeba suala hilo pamoja na Wameru, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu wa Meru akizungumza na dunia nzima! Hapo serikali ikajua kwamba chama hiki si cha kunywea chai tena.

Sasa sikiliza walivyomfanya Kyaruzi. Hawakumfunga. Walimpa barua ya uhamisho. Wewe ni mtumishi, unaijua barua ile: mistari mitatu, muhuri, na tarehe ya kuripoti. Wakamtoa Dar es Salaam wakampeleka kufanya kazi Kingolwira, kwenye gereza karibu na Morogoro. Baadaye wakaona Morogoro bado ni karibu mno, wakamsogeza hadi Nzega. Mwapachu naye wakampeleka Ukerewe, kisiwani. Mtu wa serikali huhamishwa kwa maslahi ya kazi, na hakuna wa kuuliza ni kazi gani hiyo. Agosti 1953 ukatoka Waraka wa Serikali Namba 5, ukawakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Uzito wake ulikuwa hapa: karibu wasomi wote, madaktari, makarani, wakaguzi, walikuwa wanakula mshahara wa serikali. Kwa karatasi moja, vichwa vya chama vikakatwa kutoka kiwiliwilini.

Kiti kikahitaji mtu ambaye barua ya uhamisho haimfikii. Tarehe 17 Aprili 1953, kwenye ukumbi wa Arnautoglou, TAA ilikuwa imekwisha kumchagua Julius Nyerere kuwa rais wake, na Abdulwahid akawa makamu. Nyerere alifundisha Pugu, shule ya misheni, kwa hiyo mwajiri wake hakuwa gavana. Hata hivyo mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, naye ilimbidi achague kati ya chaki na chama, akaacha kazi. Ndivyo ilivyokuwa: daktari alifyeka, mwalimu akapanda.

Sikuelezi haya ili umwonee huruma Kyaruzi. Nzega kulikuwa na wagonjwa, na mgonjwa wa Nzega anaumwa kama wa Dar es Salaam. Nakueleza kwa sababu ya kilichofuata. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku tano baadaye ikapokelewa Umoja wa Mataifa kuwa mwanachama wa 104. Aliyekuwa mwakilishi wetu wa kwanza wa kudumu kule New York ni yuleyule daktari aliyesukumwa hadi Nzega. Miaka tisa kabla, Kirilo aliingia jengo lile kama mlalamikaji. Kyaruzi akaingia na bendera.

Usidhani jambo hili ni la kwetu tu. Unalijua boma la Wajerumani hapa Biharamulo, lile lenye kuta nene ambalo watalii hulipiga picha. Huko walikotoka waliolijenga kulikuwa na daktari aliyeitwa Rudolf Virchow. Bila shaka mlimsoma kwenye patholojia. Mwaka 1848 serikali yake ilimtuma Silesia ya Juu, ambako homa ya taifasi ilikuwa inaua maskini. Alitumwa kutafuta ugonjwa, akarudi na ripoti iliyosema kwamba watu wale wanakufa kwa njaa, kwa ujinga waliofungiwa ndani yake, na kwa kutawaliwa bila kuulizwa. Tiba aliyoandika ilikuwa elimu, barabara, kodi ya haki na demokrasia. Wakubwa hawakuipenda. Mwaka uliofuata aliondoshwa kazini Berlin akaenda kufundisha Würzburg. Aliporudi aliingia baraza la jiji, kisha bunge, akabishana na Bismarck mwenyewe, na miongoni mwa kazi zake kubwa ni kupigania maji safi na mifereji ya majitaka ya Berlin. Unaona? Naye walimhamisha.

Mimi jambo aliloliona Virchow nililijua kwa njia ya mkato, bila kwenda Ulaya. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka upande wa Nyantakara, mtoto mgongoni, mtoto anahara damu. Nilimlaza kwenye benchi, nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Nikachanganya chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, nikamwambia mama amnyweshe kijiko kwa kijiko huku nikiandika kwenye rejista. Nikauliza maswali ya kawaida: ameanza lini, anatapika, amekula nini. Kisha nikauliza, "Nyumbani kuna mwingine?" Akasema wapo wawili, na kwa jirani watatu. Nikauliza maji mnateka wapi. Akanitazama kama vile nimeuliza jua linatokea wapi. "Lambo ni moja tu, daktari. Ng'ombe wanatangulia, sisi tunafuata." Nilikuwa na dawa ya yule mtoto. Dawa ya lambo haikuwa kwenye kabati langu. Ilikuwa kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa diwani, kwa mhandisi wa maji, na kwa bajeti ya halmashauri. Nilikwenda kwa mwenyekiti na rejista mkononi, nikamwonyesha majina yakifuatana ya kitongoji kimoja. Hakubishana na rejista. Kisima kilichelewa, lakini kilichimbwa.

Kwa hiyo ile sababu yako ya kwanza, ya kuchoka kutibu ugonjwa uleule, ni sababu ya kweli ya kwenda kwenye siasa. Ni sababu ya Virchow. Shida yangu ni ile ya pili, ya kupendwa.

Mtazame Dk. Hastings Kamuzu Banda wa Malawi. Alisoma Marekani miaka mingi, akahitimu udaktari mwaka 1937 katika chuo cha Meharry, Nashville, chuo kilichoanzishwa karne ya 19 kuwasomesha madaktari weusi. Akatibu watu Uingereza, akapendwa sana na wagonjwa wake. Aliporudi kwao tarehe 6 Julai 1958 alipokewa kama mkombozi, na kweli alifungwa kwa ajili ya nchi yake. Lakini mwaka 1971 akafanywa rais wa maisha, na aliyempinga aliishia kizuizini, uhamishoni au kaburini. Ilibidi kura ya maoni ya 1993 na uchaguzi wa 1994 ndipo atoke. Nchi nzima aliigeuza wodi, yeye ndiye mwenye kuandika cheti na wengine wote wameze. Udaktari wenyewe hauna kosa hapo. Lakini kazi yetu inatuzoesha utii unaotoka kwa mtu aliyelala, na ukiuzoea utii huo utashangaa mtu aliyesimama akikujibu.

Tena hao wanaokwambia kura ziko mfukoni, waulize historia ya hapahapa. Mwaka 2010 Biharamulo Magharibi tulimpeleka bungeni Dk. Anthony Mbassa kwa tiketi ya CHADEMA. Mwaka 2015 kiti kikaenda kwa Oscar Mukasa wa CCM. Mpiga kura wa Biharamulo anamwamkia kila mtu, anakubali kila fulana, na siku ya kupiga kura anaingia kwenye kile kichumba peke yake. Usidanganyike naye.

Na kuna jambo moja ambalo ninyi madaktari mnapaswa kwenda nalo kwenye siasa kuliko mtu mwingine yeyote. Unakumbuka mwanzo wa mwaka huu. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa wa Marburg huku Kagera. Muda mfupi baadaye Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa. Tarehe 20 Rais Samia akatangaza Dodoma, Dk. Tedros, mkuu wa shirika hilo, akiwa pembeni yake, kwamba mgonjwa mmoja amethibitika hapa Biharamulo. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wawili waliothibitika na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walikuwa wamekufa.

Wewe ulikuwa Ngara na barakoa yako. Mimi nilikuwa hapa, nikitazama siku zile sita kati ya tarehe 14 na 20. Sokoni kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja anasema ni uchawi, mwingine anasema ni mbinu za kutuharibia biashara ya ndizi na ya magari yanayopita Lusahunga kwenda Rusumo. Muuza mafuta ya taa aliweka ndoo yenye koki mbele ya duka lake asubuhi, mchana akaiondoa, jioni akairudisha, kulingana na habari ya mwisho aliyoisikia. Msibani watu hawakujua wapeane mikono au wainue tu. Tangazo lilipotoka, ajabu ni kwamba hofu ilishuka. Mtu aliyejua nini cha kuogopa alijua pia nini cha kufanya. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humwumbua. Mbunge anayetoka wodini awe wa kwanza kusema jambo linalotia uchungu, hata kama ni mwezi wa kampeni, hata kama wafanyabiashara wanamsihi anyamaze. Kama unajua moyoni kwamba ungenyamaza, baki na stetoskopu yako, utaokoa wengi zaidi.

Basi, sikukatazi. Babu hana mamlaka ya kumkataza mtu mwenye shahada. Lakini kabla hujachukua fomu nakuomba mambo matatu.

Kwanza, chukua rejista zako za wagonjwa, zile unazoruhusiwa kuzitazama, utafute ugonjwa mmoja unaorudi kutoka mahali pamoja. Mmoja tu. Ufuatilie mpaka ujue unatokea kwenye maji, barabara, lishe, au umbali wa kituo cha afya. Kisha andika ukurasa mmoja: tatizo ni nini, linamuua nani, nani ana mamlaka ya kuliondoa, na fedha zitoke fungu gani. Kyaruzi na wenzake waliandika kabla ya kuhutubia. Ukishindwa kuujaza ukurasa huo, hujawa tayari. Ukiweza, peleka nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi kesho asubuhi, maana kazi hiyo haihitaji ubunge.

Pili, nenda mahali ambapo huitwi daktari. Kaa na madereva wa malori Nyakanazi, na vijana wa bodaboda Rulenge, na wakulima wa kahawa Kabanga, bila koti, bila kujitambulisha. Wasikilize wanavyowasema viongozi, na wanavyotusema sisi wa afya. Utasikia maneno ambayo mgonjwa hakwambii kwa kuwa anaogopa utamdunga sindano kwa hasira. Ukirudi bado unawapenda, hapo sawa.

Tatu, niambie nani atashika zamu yako ya usiku. Nataka jina. Ukinijibu "serikali italeta mwingine", nitajua umeshaanza kuzungumza kama mbunge. Mama anayefika saa nane usiku kwa machela kutoka mpakani hatauliza chama. Kama kuna kijana unayeweza kumfundisha upasuaji wa uzazi kabla hujaondoka, anza naye wiki hii, hata kama baadaye utaamua kubaki. Na ukiingia kwenye siasa ukashindwa, rudi wodini kichwa juu. Usione haya kuonekana tena na koti.

Ukurasa huo nitumie kwa basi, mkabidhi kondakta, nitaupokea stendi. Nitausoma na kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikikagua rejista za wanafunzi wangu, na bibi yako ameomba asomewe kwa sauti. Ukiwa mzuri, nitakuwa mtu wa kwanza kukutafutia wadhamini, na nitazunguka na magoti yangu haya haya. Kampeni ya nyumba kwa nyumba naiweza bado, mradi kila nyumba iwe na kiti.

Wasalimu wenzako wa zamu, hasa yule muuguzi aliyenitoa damu mara ya mwisho bila kunichoma mara mbili. Mwambie mama yako mahindi yamekauka vizuri, aje na gunia. Kula vizuri, na ukipata siku ya mapumziko lala, usiende mkutanoni.

Ni mimi babu yako,
mganga msaidizi mstaafu.